Wimbi Lisilosema Neno

Redio ya kwanza ya mji wa Thamesmead haikupita hewani. Ilianza mwaka 1978 kwa jina la Radio Thamesmead, na sauti yake ilikwenda ndani ya waya uliotandazwa kutoka nyumba hata nyumba, hata ikawa mtu aliyekaa nje ya mpaka wa waya ule, ijapokuwa ana redio ya thamani kubwa namna gani, hakuweza kusikia lolote. Miaka 12 baadaye, mwaka 1990, kituo hicho kilipata leseni ya kutangaza kwa FM katika masafa ya 103.8, baadaye kikahamia 106.8, kikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, na hatima yake kikazimwa mwezi wa Aprili 2009. Katika safari hiyo ya kutoka kwenye waya kwenda hewani imo ilimu nzima ambayo makala haya yakusudia kuieleza, nayo ni namna sauti ya binadamu, ambayo kwa nguvu zake yenyewe haivuki uwanja wa mpira, inavyopakizwa juu ya kitu kisichosikika kikaipeleka mbali kisha kikaishusha sikioni mwa mtu asiyejulikana na msemaji.

Ni vema kwanza kuujua mji wenyewe, maana mahali pana hukumu kubwa juu ya redio. Thamesmead iko ukingo wa kusini wa Mto Thames, mashariki ya Woolwich, na ilianza kujengwa mwaka 1967 na Baraza Kuu la London juu ya vinamasi vya Plumstead na Erith, katika ardhi ambayo zamani ilikuwa ya ghala kuu la silaha la kifalme. Kwa sababu mafuriko makubwa ya mwaka 1953 yalikuwa bado katika kumbukumbu za watu, wasanifu waliweka vyumba vya kuishi ghorofani, wakaunganisha majengo kwa njia za juu kwa juu, na kando ya ziwa la Southmere wakasimamisha minara ya zege. Upande wa kusini ardhi yainuka ghafula kuelekea misitu ya Bostall na kilima cha Shooters Hill, ambacho kimo chake ni kiasi cha mita 130. Nchi ya chini kabisa, zege iliyojaa nondo, na kilima mgongoni: mwenye kutaka kujifunza tabia za mawimbi asingepata skuli iliyo bora kuliko hii.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini sauti isirushwe kama ilivyo, maadamu kipaza sauti kimekwisha kuigeuza kuwa umeme. Sababu ziko mbili, na kila moja yatosha peke yake. Ya kwanza ni ya kipimo. Mtetemo wa mara 1,000 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida katika maneno ya mtu, ukipelekwa kwenye antena huzaa wimbi lenye urefu wa kilomita 300. Na kwa kuwa mlingoti wa kurushia hupendelewa uwe kama robo ya urefu wa wimbi lake, pangetakiwa mlingoti wa kilomita 75, yaani kiasi cha umbali wa kutoka Unguja mjini hata Dar es Salaam, nao usimamishwe wima. Sababu ya pili ni ya msongamano: sauti zote za binadamu, za kadhi na za mwimbaji, za London na za Lamu, zimo katika mitetemo ile ile, na lau zote zingetoka hewani kama zilivyo zingekuwa kelele moja isiyochujika. Ndipo ikapatikana hikima ya kutengeneza wimbi jingine, lenye mitetemo mingi mno na lisilosikika na sikio lolote, kila kituo kikapewa lake, na juu ya wimbi hilo ikaandikwa sauti. Kazi hiyo mafundi huiita modulesheni, na wimbi hilo huitwa wimbi mbebaji.

Sasa wimbi lililo shwari, lirudialo lile kwa lile daima, halina habari ndani yake, na ili libebe habari ni lazima lisumbuliwe kwa taratibu maalumu. Mwanamke wa pwani asukapo ukili wa mkeka kwa miyaa ya mkindu ana njia mbili za kuacha alama yake katika kazi isiyo na rangi: aweza kuupanua na kuupunguza upana wa ukili huku msuko ukibaki sawa, au aweza kuushika upana ule ule huku akiukaza na kuulegeza msuko. Njia ya kwanza ndiyo AM, ambayo hubadili kimo cha wimbi na kuiacha idadi ya mitetemo. Ya pili ndiyo FM, ambayo hubadili idadi ya mitetemo na kukiacha kimo. Nao ukili uliokokotwa njiani ukachanika pembezoni humpoteza msomaji wa upana, lakini msomaji wa msuko aweza kuzikata pembe zote zilizochanika akazitupa, na bado akasoma kila kitu.

Katika AM mna jambo moja ambalo hata wenye kufanya kazi ya redio aghalabu hulipita bila kulitazama, nalo lastahili kukaliwa. Tuseme mtambo warusha wimbi la kilohezi 1,000, na mbele ya kipaza sauti mtu apiga mluzi wa kilohezi moja. Atazamaye wimbi hilo katika kioo cha chombo cha vipimo ataliona likinenepa na kukonda mara 1,000 kila sekunde, na atasadiki kwamba wimbi mbebaji ndilo linalobadilika. Lakini hisabati, pamoja na vipimo vinavyoishuhudia, zasema vingine: wimbi la kilohezi 1,000 limebaki vile vile, halikuzidi wala halikupungua, na kandokando yake yamezaliwa mawimbi mawili mapya, moja la kilohezi 999 na la pili la kilohezi 1,001, na kule kunenepa na kukonda ni matokeo ya haya matatu kukutana, mara yakisaidiana, mara yakipingana. Maneno yote ya mtangazaji yamo katika mawimbi hayo ya ubavuni. Wimbi mbebaji lenyewe halisemi neno. Walakini, hata mtambo unaposhindiliwa sauti hadi ukomo wake, thuluthi mbili za nguvu zote za umeme hutumika katika wimbi hilo la kimya, na kila ubavu hupata sudusi moja tu. Na tena mbavu zote mbili zarudia jambo lile lile.

Mtu asikiapo hesabu hii hushawishika kuiita israfu. Mimi naiona kuwa ni ukarimu, na sababu yangu iko upande wa pili, kwa msikilizaji. Kwa kuwa wimbi mbebaji limeletwa pamoja na mbavu zake, chombo cha kulipokea hakihitaji akili yoyote: dayodi moja ipitishayo umeme upande mmoja tu, kapasita ndogo ya kulainisha, waya mrefu na kisikizio cha sikioni, basi. Wazee wa miaka ya 1920 walitumia kipande cha galena, ambayo ni madini ya risasi, wakakigusa kwa ncha ya waya mwembamba, na redio ikasema bila betri, kwa nguvu iliyotoka mnarani peke yake. Gharama yote ilichukuliwa na mwenye mtambo, ili maelfu ya wasikilizaji wasiwe na gharama. Reginald Fessenden, ambaye tarehe 23 Desemba 1900 alirusha sauti ya mtu kwa kiasi cha kilomita moja na nusu katika kisiwa cha Cobb, nchini Marekani, hakuwa akiwafikiria maskini. Lakini njia aliyoifungua ndiyo iliyowafaa maskini wa dunia nzima kwa karne nzima.

Hata wale walioamua kuubana umeme huo walithibitisha jambo hili. Redio koli zilizotumika katika hospitali za misheni, katika vituo vya polisi na kwa walinzi wa mbuga za Afrika Mashariki huondoa wimbi mbebaji pamoja na ubavu mmoja, zikarusha ubavu uliobaki peke yake, na kwa nguvu ndogo ya betri ya gari zikasikika mamia ya kilomita. Ila chombo cha kupokelea sasa chalazimika kulitengeneza wimbi lililoondolewa, tena kwa usahihi mkubwa, na kikikosea hezi mia mbili tu, sauti ya mtu mzima hutoka nyembamba na ya puani, hata jamaa yake asimtambue. Akiba ya mrushaji imekuwa deni la mpokeaji.

Wengi wetu tulioletwa London na riziki tulilelewa na masafa ya kati na masafa mafupi, katika zama zilizoanza na Sauti ya Unguja mwaka 1951, ikafuatwa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC tarehe 27 Juni 1957, ikafuatwa tena na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Mtambo wa masafa ya kati ukiwekwa pwani hupata msaada wa bahari, kwa maana maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko mchanga mkavu, na wimbi hutambaa juu yake likafika mbali. Baada ya Magharibi husaidiwa na mbingu pia: tabaka la hewa lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, ambalo mchana kwa nguvu ya jua huyameza mawimbi hayo, hupotea usiku, na mawimbi yakapanda hata tabaka la juu zaidi yakarudishwa chini nchi za mbali. Masafa mafupi yalivuka mabara kwa njia hiyo hiyo ya kurudishwa kutoka juu. Ni nani kati ya watu wa rika langu asiyekumbuka jinsi sauti ya London ilivyokuwa ikija vizuri, kisha ghafula ikakoroma na kuvurugika, ijapokuwa haikupungua nguvu? Sababu yake ni lile wimbi la kimya. Mawimbi yaliyokuja kwa njia mbili tofauti za angani yalikutana na kufutana, na yalipofutana katika masafa yale hasa ya wimbi mbebaji, mbavu zilibaki bila ya mwenzao. Dayodi iliyozoea kuongozwa naye ikabaki na maneno yaliyokosa kipimo, yakatoka yamekunjana. Kituo cha BBC cha kurushia tena matangazo kule Ushelisheli, kilichofunguliwa mwaka 1988 na kufungwa mwaka 2014, kilijengwa kwa ajili ya kuifupisha safari hiyo, na waliokuwa pwani wakati ule waliitambua tofauti yake.

Udhaifu mkuu wa AM ni kwamba kila kitu chenye cheche hukizungumza kimo. Radi, swichi, chaja ya simu, vyote huongeza kimo cha wimbi kwa kufumba na kufumbua, na redio haijui kutofautisha ongezeko la cheche na ongezeko la neno. Katika kituo cha treni cha Abbey Wood, ambacho ndicho mlango wa Thamesmead, treni za Kent huchota umeme wa volti 750 katika reli ya tatu, na asubuhi za barafu, kiatu cha treni kinaporuka juu ya reli iliyoganda, cheche za buluu huonekana kwa macho, na mwenye redio ya masafa ya kati karibu na hapo huzisikia.

Aliyekata shauri la kuiondoa dhiki hii alikuwa Edwin Armstrong, Mmarekani. Kabla yake, mwaka 1922, mwanahisabati John Carson alikuwa amebainisha kwa hesabu zisizo na kosa kwamba kubadili idadi ya mitetemo hakuwezi kulifanya wimbi lichukue nafasi ndogo hewani, akahitimisha kwamba njia hiyo haina faida. Armstrong alikwenda kinyume: badala ya kuipunguza nafasi, aliitanua mno, na tarehe 26 Desemba 1933 akapewa hataza za uvumbuzi wake. Alipigania haki yake mahakamani hata mali na afya vikamwishia, akajiua mwaka 1954. Mjane wake, Marion, aliendelea na kesi zile kwa miaka mingi akazishinda.

Na tuchukue masafa ya 106.8 ya Thamesmead tuone. Mtangazaji anyamazapo, wimbi hutetemeka mara 106,800,000 kila sekunde, bila kuzidi wala kupungua. Aanzapo kusema, idadi hiyo hupanda na kushuka kufuata sauti yake, na hapa pana mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Ukubwa wa sauti huonekana katika umbali ambao mitetemo yakimbia kutoka makao yake: mnong'ono huisogeza kidogo, kelele huifikisha megahezi 106.875 juu na 106.725 chini, yaani kilohezi 75 kila upande, na hapo ndipo mpaka uliowekwa na sheria. Uzito au wembamba wa sauti huonekana katika wingi wa safari za kwenda na kurudi: sauti nzito ya mzee huipeleka na kuirudisha mara 100 kwa sekunde, filimbi mara elfu kadhaa. Muda wote huo kimo cha wimbi hakibadiliki, na chombo cha kupokelea huweza kukikata kimo chote kilichozidi, pamoja na cheche na radi zilizokaa humo, kabla hakijaanza kusoma. Chombo hicho chahitaji ufundi zaidi ya dayodi na jiwe la galena, na kwa miaka mingi redio za FM zilikuwa ghali, hata transista zilipoishusha bei.

Shirika la BBC lilifanya insafu ya kuzijaribu njia zote mbili pamoja. Kilimani Wrotham, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Thamesmead, mwanzoni mwa miaka ya 1950 mitambo miwili iliwekwa mahali pamoja, mmoja wa AM na mmoja wa FM, yote katika masafa ya juu, ili wasikilizaji na mafundi wapambanue. FM ilishinda, na tarehe 2 Mei 1955 huduma rasmi ikafunguliwa hapo hapo Wrotham katika masafa ya 89.1, 91.3 na 93.5. Mkazi wa Thamesmead akiyatafuta masafa hayo leo atavikuta Radio 2, Radio 3 na Radio 4 mahali pale pale.

Lakini usafi huo una bei, na bei yake ni umbali. Kituo kimoja cha FM huchukua nafasi ya kilohezi 200 hivi, ambapo vituo vya AM katika Ulaya na Afrika hupangwa kila baada ya kilohezi 9. Lau FM ingewekwa katika masafa ya kati, vingeingia vituo vitano tu katika masafa yote yale. Kwa hiyo ilibidi ipelekwe juu, kwenye megahezi 88 na zaidi, mahali palipo na wasaa. Na mawimbi ya huko hayatambai juu ya bahari wala hayarudishwi na mbingu usiku, bali hunyooka kama yaonavyo macho na kuishia upeo wa macho, au kilimani. Shooters Hill huacha kivuli. Minara ya zege nayo huyarudisha mawimbi, hata chumba kimoja kikapokea wimbi lile lile mara mbili, moja kutoka mnarani na moja kutoka ukutani kwa jirani, na yakipingana sauti huchakaa. Wimbi la 106.8 lina urefu wa mita 2 na sentimita 81. Kwa hiyo mwenye redio inayokwaruza katika majengo yale asiitupe, bali aisogeze kiasi cha robo ya urefu huo, yaani sentimita 70, kutoka kabatini hata dirishani, kwa kuwa mara nyingi umbali huo watosha kuitoa pale mawimbi yanapofutana na kuipeleka pale yanaposaidiana.

FM ina tabia nyingine, ya kumsikiliza aliye na nguvu peke yake: mawimbi mawili yakikutana katika masafa mamoja, redio hulishika lililo kubwa na kulifuta dogo kana kwamba halikuwako. Vijana wa London walioweka mitambo bila leseni juu ya mapaa ya majengo marefu, katika miaka ya 1980 na 1990, waliielewa tabia hii vizuri, wakashindana kwa urefu wa mapaa. Kimoja cha vituo vya aina hiyo, Rinse FM, kilianza mwaka 1994 na kikapata leseni mwaka 2010. Marubani, kwa upande wao, wameikataa tabia hiyo hiyo. Ndege zitumiazo uwanja wa London City, ng'ambo ya mto, husema na waongozaji wao kwa AM mpaka leo, kwa maana katika AM marubani wawili wakisema pamoja hutokea mlio mkali, na mwongozaji akajua kwamba wako wawili. Katika FM yule dhaifu angefutika, naye mwongozaji asijue kwamba aliitwa.

Hivi sasa masafa ya kati yanaachwa. Absolute Radio iliondoka huko Januari 2023, na si peke yake. FM imepewa muda: uchunguzi uliofanywa na serikali ya Uingereza pamoja na wenye vituo ulisema, mwaka 2021, kwamba itahitajika hadi mwaka 2030 kwa uchache. Baada ya hapo tutaelekezwa kwenye redio ya dijitali na kwenye intaneti, na mimi naomba wenye kuamua wazitazame hesabu za umeme na za fedha kwa pamoja. Mnara wa FM wa redio ya jamii katika nchi hii aghalabu hurusha wati 25 hivi, chini ya taa ya kale ya chumbani, na msikilizaji wa elfu kumi hauongezei gharama hata senti moja, wala yeye mwenyewe halipi neno baada ya kununua redio yake. Katika intaneti kila msikilizaji hupelekewa sauti yake mbali, kituo kikalipia kuituma naye akalipia bando la kuipokea. Bibi wa Thamesmead aliyestaafu, na mvuvi wa kisiwa cha Kojani, huko Pemba, mwenye redio ya betri mbili, wote wawili watahamishiwa gharama ambayo tangu miaka ya 1920 ilikuwa mabegani mwa mwenye mtambo, na hadi leo sijaona waraka wa mpango wowote wa kuzima mitambo unaoitaja gharama hiyo kwa jina lake na kuandika ni nani atakayeilipa.